Watatu kwenye Tepu Moja

Kuseti msingi wa nyumba kunataka watu watatu. Mmoja hushika sifuri ya tepu pamoja na alama ya mita 12, wa pili hushika mita 3, wa tatu mita 7. Wakivuta tepu ikakaza, zimepatikana pande za mita 3, 4 na 5, na aliyeshika mita 3 amesimama penye kona mraba kamili. Mmoja akilegeza mkono, wote wamekosa.

Kwa kijana wa Mugeta, wilayani Bunda, anayetaka kujifunza uashi huu, huko huko Bunda kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa. Vyuo vya aina hii vilianza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Uswidi, miaka minane baada ya Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, kuandika Elimu ya Kujitegemea.

Ninachokistahi mno katika ufundishaji wa uashi ni subira ya mwalimu aliyeiva. Anaona kigingi kimekaa upande, ananyamaza. Anawaambia wanafunzi wapime tu mshazari, kona hadi kona. Vipimo viwili vikipishana kwa sentimita 4, ubishi unaanza: nani alilegeza? Kigingi kipi kisogezwe? Hapo ndipo somo lilipo, na kulikatiza kwa jibu ni kuwadhulumu. Mpira wa maji wa kupimia usawa nao una adabu hiyo hiyo. Huyu yuko ncha hii, mwenzake ncha ile, wanaitana: pandisha, shusha kidogo, hapo hapo! Kiputo kimoja cha hewa kikibaki ndani, kipimo kinadanganya, na mwenye kukiona lazima aseme.

Kuta za mazoezi hujengwa kwa chokaa na mchanga, bila saruji, ili zibomolewe na matofali yatumike tena. Hivyo kosa halina gharama kubwa, na mwanafunzi hukosea bila hofu.

Lakini kuwaweka vijana pamoja peke yake hakutoshi. Wakiachwa, mwenye mkono mwepesi atashika mwiko tangu asubuhi, wengine wabebe maji, na mara nyingi mbeba maji huyo ni msichana. Mwalimu makini huwabadilisha nafasi kila kona, na akimpa msichana alama ya mita 3, haondoki hapo mpaka amsikie akiwaamuru wenzake wavute.