Fundi wa Ngamani

Tukilisifu jahazi, aghalabu tunasifu tanga. Mimi pongezi zangu nampa fundi anayelala chali ngamani, shavu likigusa mataruma, akitafuta kwa vidole mahali maji yanapoingilia.

Vyombo vya zamani vinavyotia nanga katika mkono wa bahari wa Tudor, Mombasa, viliundwa kwa ajili ya tanga. Injini ya dizeli ilikuja baadaye, ikapachikwa tezini ambako hakukuachwa nafasi ya mkono. Nati moja nyuma ya shafti huweza kumla fundi asubuhi nzima. Haioni, anaipapasa. Spana ikiwa ndefu, huikata ndipo iingie.

Kazi ya nje nayo ina saa yake. Chombo hupwelezwa wakati wa bamvua, maji ya Mombasa yanapopanda na kushuka zaidi ya mita 3, kikashikiliwa kwa gadi. Hapo fundi ana saa chache tu za kuufikia mkuku: atoe pamba iliyooza, apige kalafati mpya iliyolowa mafuta, apake deheni. Maji hayamngoji.

Ninachokienzi zaidi ni uaminifu wa mafundi hawa. Kule ndani hakuna nahodha wala tajiri awezaye kukagua msumari. Fundi angeweza kuziba juu juu, akapokea chake na kwenda zake. Mafundi hawa huung'oa ubao mbovu wote, hata kama hakuna atakayejua. Wanastahili ujira mkubwa kuliko wanaopewa, na walipwe siku ileile chombo kinapoelea.