Nyaraka za Bibi Montagu: Mgeni Katika Nchi ya Waturuki

Nyaraka za Bibi Mary Wortley Montagu, zilizopigwa chapa London mwaka 1763, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, zimesifiwa siku nyingi kuwa ni shahidi wa kweli wa maisha ya Waturuki. Sifa hiyo ina haki yake, lakini yahitaji kupimwa. Wapo wanaozisoma kana kwamba kila waraka ulitoka mezani ukatiwa mkobani mwa tarishi. Sivyo. Bibi huyu alizitengeneza upya kutokana na nakala na madaftari yake ya safari, akazipanga kwa ajili ya wasomaji. Ni fasihi kwanza, habari baadaye.

Mumewe alikuwa balozi wa Uingereza kwa Sultani. Walifika Edirne mwaka 1717, kisha Stambuli, wakaondoka mwaka 1718. Muda huo ni mfupi, lakini aliutumia vema kuliko wasafiri wengi aliowakejeli, maana alijifunza lugha. Njiani, mjini Belgrade, walikaa kwa efendi mmoja aliyemfasiria mashairi ya Kiarabu. (Neno hilo efendi ndilo lililoingia Kiswahili kwa njia ya askari likawa afande.) Katika waraka wake kwa mshairi Pope ameweka shairi la Ibrahim Pasha, kwanza kwa tafsiri ya neno kwa neno, kisha kwa nazamu iendayo na ladha ya Kiingereza. Tafsiri ya kwanza ndiyo bora. Humo mpendwa aitwa mwenye macho ya ayala, naye mfasiri akiri kwamba sifa hiyo haipendezi sana masikioni mwa Waingereza ila yeye yamfurahisha mno. Hapo mgeni aacha kuhukumu, aanza kusikiliza. Hali kadhalika waraka wa Pera, asimuliapo kwamba nyumbani mwake mlisemwa lugha kumi, hata akaogopa kukipoteza Kiingereza chake.

Habari ya ndui yajulikana zaidi. Mwenyewe aliugua ndui mwaka 1715. Huko Edirne aliona vikongwe wakija na usaha katika ganda la kokwa na kuutia mwilini kwa sindano. Mwaka 1718 akamchanjisha mwanawe. Msomaji wa Kiswahili, mwenye kitenzi kuchanja tangu zamani kwa maana ya kutoja mwili, aielewa habari hii bila kufasiriwa.

Waraka wa hamamu ya Sofia umedhulumiwa na waliomfuata. Mchoraji Ingres, ambaye hakufika huko kamwe, alinakili maneno yake katika daftari, akachora picha ya hamamu yenye tarehe ya 1862 iliyojaa miili iliyolegea. Jambo lililo kuu katika waraka halimo pichani. Bibi Montagu hakuvua nguo zake. Alipobembelezwa alifungua vazi la juu, na wanawake wa Kituruki, walipoona kizibao chake cha ndani kilivyobanwa kwa kamba, wakadhani kwamba mumewe amemfungia ndani yake. Aliyekuja kutazama akatazamwa, naye hakuona haya kuyaandika.

Mizani yake yaharibika anapofikia uhuru. Adai kwamba wanawake wa Kituruki ndio walio huru, kwa kuwa ushungi wawaficha wasijulikane njiani, na mali yao i mikononi mwao. Hoja hii ina nguvu dhidi ya wasafiri waliowalilia wanawake hao bila ya kuwaona. Lakini wanawake wake ni wake za wakuu wa dola. Katika waraka mwingine asema kwamba watumwa wa Waturuki hawateswi, na kwamba utumwa wao si mbaya kuliko utumishi wa mahali pengine popote. Neno hili limesikiwa mno katika pwani ya Afrika ya Mashariki, mara zote kutoka kinywani mwa aliyealikwa sebuleni.

Ushahidi wa kumpinga umo katika kurasa zake mwenyewe. Nyumbani kwa Fatima, mke wa naibu wa Waziri Mkuu, ambaye uzuri wake waelezwa kwa aya nzima, ngoma ilipokwisha waliingia vijakazi wanne wenye vyetezo vya fedha, wakafukiza chumba kwa ambari na udi, kisha wakamletea mgeni kahawa hali wamepiga magoti. Mwandishi aliyejivunia kujua Kituruki amevisifu vikombe. Vijakazi hao hakuwauliza hata majina yao.