Ulaini Ukae Wapi

Quiterajo iko wilaya ya Macomia, kaskazini ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, karibu na mahali Mto Messalo unapoingia baharini. Ni nchi ya Wamwani, na ni nchi ya mchanga. Samaki wanaoanikwa katika pwani ile hawaliwi wote pwani. Wengine hupandishwa bara kwa baiskeli, wamefungwa kwenye keria, na kinachowafikisha ni mguu wa mtu. Katika safari ya namna hiyo nguvu haina ziada. Ndiyo maana nawasifu waliokaa wakajiuliza nguvu hiyo inapotelea wapi: wahandisi wa gurudumu la nyuma la baiskeli za milimani, na mafundi wetu wa chini ya mwembe.

Swali lao ni gumu kuliko linavyoonekana. Baiskeli iliyo ngumu nyuma hurushwa na kila jiwe, na gurudumu lililo hewani halisukumi kitu. Ukilitilia springi linaifuata ardhi vizuri, lakini springi haijui kubagua pigo la jiwe na pigo la mguu. Pedali inaposhuka kwa nguvu baiskeli inachapuka, uzito wa mtu unaegemea nyuma, springi inajikunja. Pedali zikifika juu na chini mguu unalegea, springi inakunjuka. Mtu anapanda kilima huku anadunda, na sehemu ya jasho lake inaishia kupasha moto mafuta ndani ya shokapu.

Dawa iliyopatikana ni ya jiometri tupu, na kwangu mimi ni miongoni mwa fikra nzuri kabisa katika ufundi wa chuma. Gurudumu la nyuma hushikwa na mkono unaocheza kwenye bawaba. Bawaba ikiwekwa mahali pake, kwa kawaida juu kidogo ya usawa wa mnyororo, basi mnyororo ukikazwa unalisukuma gurudumu chini, sawia na pale uzito unapotaka kuikunja springi. Nguvu mbili zinakutana na kuzuiana. Mguu unajilinda wenyewe, bila kifungo wala kompyuta.

Ila ukiipandisha bawaba mno unalipia: gurudumu likigonga jiwe linauvuta mnyororo, na pedali inarudi nyuma chini ya unyayo. Hapo ndipo watu walipotumia miaka. Horst Leitner, Mwaustria aliyetokea kwenye mashindano ya pikipiki, aliweka kiungo mbele tu ya ekseli ya nyuma, breki ikapungua kuisumbua springi. Kampuni ya Specialized ikainunua hataza yake mwaka 1998. Baadaye Dave Weagle wa Marekani alipanga viungo viwili vifupi hivi kwamba msaada wa mnyororo uwe mkubwa pale mtu anapokaa na kukanyaga, kisha upungue gurudumu linapozidi kuzama. Naipenda kazi hiyo kwa subira yake: milimita chache za bawaba, na mtu anafika juu akiwa na pumzi.

Sasa ishushe baiskeli hiyo Quiterajo. Mchangani jiwe halipo. Ardhi yenyewe ndiyo inayokunjika, tena haikunjuki, kwa hiyo nguvu inayozama humo hairudi. Springi ya nyuma itakuwa mzigo wa kubebwa, na chembe za mchanga wenye chumvi zitazila bawaba.

Itazame basi ile nyeusi ya zamani, Raleigh ya Nottingham au Phoenix ya China, iliyoijaza Afrika Mashariki. Magurudumu ya inchi 28, shingo iliyolala, na tandiko la ngozi juu ya springi nene. Springi ile inakaa kati ya mtu na fremu. Mnyororo haupiti kwake. Kinachotoka kwenye pedali kinakwenda kwenye gurudumu kupitia chuma kigumu. Fundi naye anamalizia: anaongeza nondo kwenye uma na keria, anakaza na kulegeza spoki moja moja, akizigonga kwa kidole na kusikiliza mpaka zilie kwa sauti ya kukaribiana. Gunia halina tandiko, na rimu ndiyo inayobeba kila pigo lake.

F.K. Day, mmoja wa waanzilishi wa SRAM, kampuni ya vipuri vya baiskeli ya Chicago, alianzisha shirika la World Bicycle Relief mwaka 2005 pamoja na mkewe, Leah Missbach Day. SRAM ndiyo yenye RockShox, mabingwa wa shokapu za baiskeli. Lakini Buffalo, baiskeli ambayo shirika hilo limeieneza Zambia, Malawi na Kenya, ni chuma kitupu, keria ya kilo 100, breki ya kurudisha pedali, na springi ya gurudumu hakuna. Mwaka 2023 walitoa toleo lenye kitu kimoja kipya cha maana: minyororo miwili, mwendo mwepesi na mwendo mzito, unaobadilishwa kwa kurudisha pedali kidogo.

Ulaini wa mchangani unakaa kwenye tairi. Mwaka 2005 huo huo kampuni ya Surly ilitoa baiskeli ya Pugsley, yenye tairi pana karibu inchi 4, kwa ajili ya theluji na mchanga. Tairi pana lenye upepo mdogo linatandaza uzito, na linazama kidogo.

Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 viliifikia Quiterajo, na mwaka 2020 watu waliikimbia. Anayerudi kuuza samaki anastahili chombo kilichofikiriwa kwa ajili yake. Ningeanza na tairi pana, upepo wa kiasi, minyororo miwili ile. Keria ningeishusha mpaka mzigo ukaribie ekseli. Tandiko liwe na springi. Bawaba ya Weagle, pamoja na uzuri wake wote, ningemwachia mwenye kilima cha mawe.