Kisu Kinaposimama

Ukitaka kumjua msimulizi hodari wa Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, itazame mikono yake. Bibi anamenya ndizi za usiku, maganda yanaangukia jani la mgomba, na fisi wa kwenye hadithi ameshanasa mtegoni. Sauti ya fisi anaitolea puani. Mara kisu kinasimama, hasemi neno. Wajukuu wanaangua kicheko. Anakiacha kipungue, ila hangoji kiishe, ndipo anaendelea na hadithi na ganda linalofuata.

Ufundi wote uko hapo. Hadithi yenyewe wameisikia tangu wakiwa mgongoni, na fisi hajawahi kuacha ulafi. Kinachowavunja mbavu ni ile nafasi waliyoachiwa.

Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani, alichunguza vicheko 1,200 katika mazungumzo ya watu wa kawaida. Vilivyofuata jambo la kuchekesha havikufika asilimia 20. Vingine vilifuata maneno makavu tu, kama kuagana. Tena katika vyote hivyo, ni mara 8 tu kicheko cha msemaji kiliangukia katikati ya sentensi yake. Vilivyobaki vilikaa penye kituo. Sisi wengine twafanya hivyo bila kujua. Bibi anajua, na kituo anakitengeneza mwenyewe.

Kwa majirani Wahaya, msimulizi hufungua kwa kusema alikuja akaona, na wasikilizaji humjibu: ona, nasi tuone. Peter Seitel aliyachukua maneno hayo ya kujibu yakawa jina la kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu hadithi zao. Hadhira imepewa kazi tangu mwanzo.

Wageni wakisikia kicheko na Kagera hukumbuka Kashasha tu, upande wa Muleba, ambako Januari 1962 wasichana wa shule walishikwa na kicheko kisichozuilika, 95 kati ya 159, hadi shule ikafungwa Machi. Husimuliwa kama kichekesho, nami sipendi. Wale watoto walikuwa wakilia pia. Kilikuwa kicheko kisicho na wa kukiongoza, na bibi wa kisu huongoza chake kwa kunyamaza.

Basi ukienda Kyerwa kurekodi hadithi, usiwatoe watoto nje ili upate sauti safi. Kinasa sauti kiweke katikati yao.