Mchoro Usio na Kitovu

Aghalabu mtu akitakiwa kuchora jinsi mtandao wa Bitcoin ulivyoungana, huchora visanduku vilivyofuatana kama mnyororo, akaridhika kuwa kazi imekwisha, ilhali alichokichora ni daftari tu, wala si mtandao unaolitunza daftari hilo. Kosa hili lina asili yake: waraka wa Bitcoin wa kurasa 9, alioutoa mwanzilishi wake Satoshi Nakamoto tarehe 31 Oktoba 2008 una michoro kadhaa ya saini na ya bloku, yaani visanduku hivyo, walakini sehemu yake ya tano, ambayo ndiyo inayoueleza mtandao, ni hatua 6 za maandishi pasipo picha yoyote.

Picha iliyohitajika ilikuwapo tangu 1964, pale Paul Baran wa Marekani alipochapisha nukta zile zile zimeunganishwa kwa namna tatu: zote zikielekea kitovu kimoja, zikigawanyika katika vitovu kadhaa, na kila moja ikishikana na jirani zake bila ya kitovu. Lumicash, huduma ya pesa kwa simu anayoitumia mtu wa Bujumbura kila siku, ni ya namna ya kwanza, maadamu daftari ni moja nalo liko kwa kampuni. Bitcoin yadai kuwa ya tatu, kwani kila nodi kamili, yaani kila nukta ya mchoro huo, hupokea na kukagua daftari zima, lenye gigabaiti zaidi ya 500, na kuukataa muamala wowote uliokwenda kinyume cha kanuni.

Hapa ndipo wachoraji wengi wanapoteleza, wakimweka mchimbaji juu ya nodi kana kwamba ni mfalme wake. Mchimbaji hupendekeza bloku mpya, kwa wastani moja kila dakika 10. Nodi ndizo zinazoikubali au kuitupa. Hata hivyo insafu yatutaka tukiri kwamba wachimbaji wengi hujiunga katika vikundi vichache vikubwa, na kwa hiyo ndani ya picha ya tatu ya Baran yachungulia ile ya pili, nami ningevichora vikundi hivyo kwa wino mzito visifichike. Uchimbaji umefika hata kwa jirani zetu: huko Luviro, Kivu ya Kaskazini, Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba mwaka 2020 kwa umeme wake wa maji.

Chini ya nukta zote ziko nyaya. Burundi haina pwani, basi muamala utokao Bujumbura kwa kawaida hupitia nchi jirani hadi ufikie mikongo ya baharini kama EASSy na SEACOM, iliyotua Dar es Salaam.

Ukingoni mwa mchoro libakie lango, yaani mahali faranga inapogeuka bitcoin. Benki Kuu ya Burundi, ilipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 2019 baada ya raia kulalamikia hasara, ililigusa lango hilo peke yake, kwa kuwa kitovu cha kuzimwa hakikuwapo. Mchoro unaoliacha lango hilo, hata ukipambwa kwa rangi namna gani, haumfai msomaji wa Bujumbura.