Kupima Ubora wa Kaunta ya Kukodi

Baa ya kukodi ni kaunta inayoletwa mahali penye sherehe pamoja na wahudumu wake, glasi, barafu na vifaa vya kuchanganyia vinywaji, kisha ikaondolewa usiku huohuo. Katika miji kama Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa huduma hii imechukua kazi ambayo kamati za harusi zilikuwa zikiwaachia vijana wawili watatu wa ukoo waliokabidhiwa funguo za stoo na madiaba ya barafu. Hukodiwa kwa namna tatu. Mwenyeji anaweza kununua vinywaji vyote mwenyewe na kulipia watu na vifaa tu. Anaweza kulipa kwa kichwa, yaani kiasi fulani kwa kila mgeni, na huduma ikaleta kila kitu. Au wageni wakajinunulia. Namna ya kwanza ndiyo inayofaa zaidi kwa sherehe zinazogharimiwa na michango, kwa sababu chupa iliyobaki ni mali ya kamati. Ulipaji kwa kichwa una raha yake, ila mwenye huduma hupata faida zaidi kadiri wageni wanavyokunywa kidogo, na jambo hilo hudhihirika baadaye kwenye ukubwa wa toti.

Wengi huvutiwa na kaunta yenye taa za rangi na kijana anayerusha chupa hewani. Huo ni ustadi wa kweli, na unachangamsha ukumbi, lakini hauonyeshi kama kinywaji kitafika mkononi kikiwa na ladha inayostahili. Ubora wa kaunta hukaa kwenye mambo yasiyopigwa picha: barafu, kipimo, usafi wa glasi na hesabu ya chupa. Anayetaka kuijua huduma aanzie kwenye barafu.

Kwa mgeni mmoja huhitajika nusu kilo hadi kilo nzima ya barafu, na katika joto la Pwani kiasi cha juu ndicho salama. Huduma inayosema itanunua barafu ikifika ukumbini haijajipanga. Barafu inayopoza chupa na barafu inayoingia kwenye glasi hazikai chombo kimoja: ya kwanza hushikwashikwa na kuzamishiwa chupa zilizotoka kwenye kreti lenye vumbi, ya pili inanywewa. Ni muhimu kujua pia ilikotoka. Mabonge makubwa yanayotengenezwa kwa ajili ya kuhifadhi samaki yana kazi yake sokoni, na hayafai kupondwapondwa na kutiwa kwenye juisi ya mtu. Barafu ya kunywa hutengenezwa kwa maji safi, hufika kwenye mifuko iliyofungwa, na vipande vyake huwa vigumu, vikavu kwa nje, visivyo na harufu ya friji. Ndani ya pipa lake kuna kichujio au tundu la kutolea maji, maana vipande vinavyoelea kwenye maji viko mbioni kuyeyuka na vitakiharibu kinywaji kabla hakijafika mezani.

Hapo pipani pana kipimo kizuri cha malezi ya mhudumu. Barafu huchotwa kwa sepeto ya bati au plastiki ngumu. Anayechota kwa glasi anacheza na hatari, kwa sababu glasi ikimeguka ndani ya barafu, kigae na barafu havitofautiki kwa macho. Hilo likitokea, mhudumu aliyefundishwa vizuri humwaga pipa zima, hulisuuza na kuanza upya, hata kama foleni ni ndefu na msemaji wa shughuli anaita watu wainuke.

Barafu inapotikiswa pamoja na pombe hufanya kazi mbili kwa mpigo: hupoza, na hutoa maji. Maji hayo ni sehemu ya kinywaji, na katika kokteli iliyotikiswa sawasawa hufikia takriban robo ya ujazo wote. Vipande vidogo vilivyolowa huyeyuka haraka, kinywaji kikapwaya kabla hakijapoa. Vipande vikubwa vikavu hupoza kwanza. Ndiyo maana mchanganyaji mzuri hujaza barafu tele kwenye chombo cha kutikisia, ingawa asiyejua hudhani anabana pombe. Kinywaji chenye juisi, maziwa au yai hutikiswa kwa nguvu kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka chombo cha chuma kianze kushika ukungu kwa nje. Kinywaji cha pombe tupu, kama vile martini, hukorogwa taratibu kwa kijiko kirefu karibu nusu dakika, ili kibaki chororo na chenye kung'aa. Anayetikisa kila kitu hajajifunza kazi. Amejifunza mwendo wa mikono tu.

Katika Afrika Mashariki kinywaji kimoja kinatosha kumpima mchanganyaji, nacho ni dawa, kokteli ya vodka, ndimu, asali na barafu iliyopata umaarufu kupitia mgahawa wa Carnivore wa Nairobi. Vitu vyake ni vichache, hivyo kosa halina pa kujificha. Ndimu hukatwa vipande na kubonyezwa kiasi cha kutoa maji na mafuta ya ganda. Zikitwangwa kwa hasira, weupe wa ndani ya ganda huachia uchungu usioondoka. Asali haiyeyuki kwenye baridi, hivyo hufika ikiwa imejiviringisha kwenye kijiti kinachotumbukizwa glasini, na mnywaji huikoroga mwenyewe kidogo kidogo, akajiongezea utamu kadiri apendavyo. Anayemimina asali moja kwa moja juu ya barafu huishia na donge chini ya glasi na ukali mtupu juu. Ndimu zenyewe ziwe zimekamuliwa au kukatwa siku hiyohiyo. Maji ya ndimu ya chupa, yaliyokaa miezi dukani, yana uchachu ulio bapa, na kaunta inayoyatumia mahali ambapo ndimu zinauzwa kwa fungu kila genge imechagua uvivu.

Toti ndiyo amana ya kaunta. Kwa kipimo cha mililita 30, chupa ya mililita 750 hutoa toti 25; mkono unaomwaga kwa kukadiria ukipitisha mililita 10 tu kila mara, chupa hiyo inaisha kwenye glasi ya 18 au ya 19. Katika sherehe ya watu 200 tofauti hiyo inatosha kukausha stoo kabla keki haijakatwa. Hasara ya upande wa pili ni ya heshima: mgeni wa meza ya mbele anapata kinywaji kikali, wa meza ya nyuma anapata maji yenye harufu. Kwa hiyo kikombe cha kupimia kinapaswa kuonekana mkononi kila mara, hata kwa mhudumu mwenye miaka mingi ya kazi. Wenye ujuzi wa kumwaga bila kikombe wapo, lakini ni wachache, na walio bora kati yao huwa hawaoni aibu kupima.

Njia nzuri ya kuyaona haya yote ni kuomba onjo kabla ya kulipa malipo ya awali. Kinywaji kilekile kiagizwe kwa wahudumu wawili tofauti, tena kwa nyakati tofauti. Vikifanana, huduma ina mapishi yaliyoandikwa. Kisha viagizwe vinane kwa pamoja, maana mtu anaweza kutengeneza glasi moja nzuri na akachanganyikiwa mbele ya nane. Orodha ya vinywaji iwe fupi. Kokteli nne au tano zilizochaguliwa kwa kufuata msimu wa matunda, embe zikiwepo, pasheni, ukwaju au tangawizi, zinatoka haraka na kwa usawa. Orodha ya kokteli 30 inapendeza kwenye karatasi. Ukumbini inazaa foleni.

Bia inadhaniwa haina ufundi. Swali la kwanza la mhudumu yeyote wa Tanzania au Kenya, kama ni ya baridi au ya moto, linaonyesha ugumu wake: wazee wengi wanataka ya moto, yaani isiyopozwa, na kaunta iliyotumbukiza kreti zote kwenye barafu imewanyima haki yao. Kaunta nzuri huacha sehemu nje na kuwafundisha wahudumu wa meza wakumbuke nani anataka ipi. Glasi ya bia nayo hujieleza yenyewe. Mapovu yakijishika ukutani chini ya bia, kuna mafuta au sabuni iliyobaki; kwenye glasi safi mapovu hupanda moja kwa moja na povu la juu hukaa. Kwa wageni 100 wanaokunywa kwa saa tano, glasi 100 hazitoshi. Ama ziwe mara mbili yake au pawe na mtu asiye na kazi nyingine ila kuosha, kusuuza na kufuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Sehemu inayotenganisha huduma bora na ya kawaida ni jinsi inavyowatendea wasiokunywa pombe. Katika ndoa nyingi za Pwani, na pia kwa walokole na Wasabato wa bara, hao wanaweza kuwa zaidi ya nusu ya ukumbi, na bado wakapewa soda na maji huku wengine wakitengenezewa vinywaji kwa sherehe. Kinywaji kisicho na kilevi kinahitaji mizani ileile ya utamu na uchachu, na barafu ileile nzuri: ukwaju na tangawizi, rozela na ndimu, dafu na pasheni. Tena vyombo viwe vya peke yake. Kikombe cha kupimia, chombo cha kutikisia na kichujio vilivyotoka kwenye konyagi havigusi glasi ya mgeni Mwislamu kwa kusuuzwa tu chapuchapu. Huduma inayotenga seti ya pili, ikaiweka upande wake wa kaunta na mhudumu wake, imeelewa inafanya kazi kwa nani. Inayouliza kama kuna haja ya kufanya hivyo bado haijafika.

Idadi ya wahudumu hutegemea kinachotolewa. Kwa bia, mvinyo na soda, mtu mmoja nyuma ya kaunta anaweza kuwahudumia wageni 50 bila kuelemewa. Kokteli zikiwemo, 30 hadi 40 inatosha. Juu ya hao pawe na msaidizi wa kuleta barafu na kuondoa chupa tupu, kwa sababu mchanganyaji anayeacha kaunta kwenda stoo ameifunga kaunta. Kipimo kigumu kuliko vyote ni ile saa ya kugonga glasi, wageni wanapopita wakicheza mbele ya maharusi na kila mmoja anapaswa kuwa na kinywaji mkononi kwa wakati mmoja. Chupa ya shampeni ya mililita 750 hujaza glasi sita za mililita 125, kwa hiyo wageni 150 wanahitaji chupa 25, zikiwa zimepoa na kumiminwa kabla muziki haujaanza. Huduma yenye uzoefu humwuliza msemaji wa shughuli ratiba yake mapema.

Pombe kali iliyoletwa na huduma ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Hili si suala la ladha: mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya, Embu na Kiambu zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika, kwa kunywa pombe yenye methanoli, sumu inayoweza kumpofusha anayenusurika. Tanzania ilianza kutumia stempu za kodi za kielektroniki kwenye vinywaji mwaka 2019, na Kenya pia inabandika stempu za ushuru. Zote mbili zinaweza kuhakikiwa kwa simu, Kenya kupitia programu ya Soma Label. Mwenye huduma mwaminifu huonyesha risiti ya duka la jumla bila kuombwa mara mbili, na hufungua kila chupa mbele ya watu. Chupa tupu za wiski ya bei ghali zirudi kwa mwenyeji au ziharibiwe, kwa kuwa wajazaji wa pombe bandia huzitafuta.

Mgeni aliyezidiwa hupima utu wa mhudumu. Mzuri hamkatalii mzee mbele ya wakwe zake; humletea maji kwanza, huchelewesha glasi inayofuata, hupunguza toti, kisha humnong'oneza mtu wa kamati amtafutie usafiri. Kijana aliye chini ya miaka 18 hapewi kabisa, hata kama ametumwa na baba yake.

Hesabu ndiyo ya mwisho. Malalamiko yaliyozoeleka ni yale ya vinywaji kutangazwa vimekwisha saa nne usiku, na kreti zilizojaa zikaonekana nyuma ya ukumbi asubuhi. Dawa yake ni karatasi moja inayosainiwa na pande mbili: zilizopokelewa, zilizofunguliwa, zilizobaki. Katikati ya sherehe mtu wa kamati na mkuu wa kaunta huipitia pamoja, na stoo haifunguliwi na mmoja wao peke yake. Sherehe ikiisha, vizibo na chupa tupu hulinganishwa na karatasi, kreti za soda zikahesabiwa kwa chupa 24 kila moja ili dhamana ya msambazaji irudi, na pombe iliyobaki na lakiri zake ikakabidhiwa kwa mwenyeji kabla malipo ya mwisho hayajatolewa.