Sauti Kabla ya Neno: Uhakiki wa Albamu za Ukoo wa Zawose na Nafasi ya Dodoma katika Muziki wa Kizazi Kipya

Ikisiri

Uhakiki wa nyimbo katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili umezoea kuanza na maandishi: maneno hunukuliwa, kisha maudhui na fani huchambuliwa. Makala haya yanahoji utaratibu huo kwa kusikiliza albamu nne za wasanii wa ukoo wa Zawose, wenye asili ya Ugogo, mkoani Dodoma: Chibite (1996), Assembly (2002), Uhamiaji (2017) na Maisha (2024). Hoja kuu ni kwamba thamani ya albamu hizi haiwezi kupimwa kwa maneno pekee wala kwa kigezo cha "uasili". Kigezo kinachopendekezwa ni uhusiano wa mashine na sauti: ni ipi inayoisikiliza nyingine? Makala yanaonyesha pia kuwa kupuuzwa kwa kazi hizi kunatokana na namna taaluma yenyewe ilivyojiwekea mipaka ya lugha.

1. Utangulizi

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, na ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Hata hivyo, katika ramani ya muziki wa kizazi kipya, mji huu haujapata uzito unaolingana na hadhi hiyo. Dar es Salaam ina studio, Arusha ina historia yake ya hip-hop, Mwanza na Morogoro zina wasanii waliojitambulisha kwa majina ya miji yao. Dodoma hutajwa zaidi kama mahali pa Bunge. Si ajabu kwamba wanamuziki mashuhuri wa hip-hop waliofika Dodoma na kukaa wakihesabiwa walifika kama wabunge: Joseph Mbilinyi (Sugu) wa Mbeya Mjini kuanzia 2010, na Joseph Haule (Profesa Jay) wa Mikumi kuanzia 2015. Huyu wa pili alikuwa ameshawakejeli wanasiasa na ahadi zao katika wimbo "Ndio Mzee", uliomo katika albamu yake ya mwaka 2001, Machozi, Jasho na Damu.

Picha hii ina kasoro. Uwanda wa kati una mojawapo ya tamaduni za kuimba zilizochunguzwa sana katika Afrika Mashariki. Gerhard Kubik aliandika kuhusu mfumo wake wa sauti. Polo Vallejo aliwafuata waimbaji wa kijiji cha Nzali kwa miaka mingi. Na Tamasha la Muziki wa Cigogo huwakutanisha waimbaji wa vijiji huko Chamwino. Wasanii wa ukoo wa Zawose wametoa albamu zilizosikilizwa Ulaya na Marekani kuliko nyingi za bongo fleva. Pamoja na hayo, mhakiki wa Kiswahili anayetaka kuzungumzia "albamu za Kitanzania" huzipita. Swali la msingi ni kwa nini anazipita, na anapoteza nini kwa kufanya hivyo.

2. Sarafu na mlio wake

Wanafunzi wa fasihi wanaifahamu tashibiha ya fani na maudhui kama pande mbili za sarafu, inayohusishwa na Senkoro (1982). Tashibiha hiyo ilisaidia kuondoa dhana kwamba fani ni chombo tu cha kubebea maudhui. Kwa wimbo, hata hivyo, haitoshi. Sarafu ina mlio pia, na muuza duka wa zamani aliijua sarafu bandia kwa kuidondosha mezani. Uhakiki wa wimbo unaotegemea maandishi huangalia pande zote mbili bila kuidondosha sarafu.

Upungufu huu hauonekani sana katika hip-hop, kwa sababu hapo neno ndilo linalotawala. Msikilizaji wa Profesa Jay au Fid Q anaweza kuyaandika mashairi, akahesabu vina, akachambua kejeli, na akabaki na sehemu kubwa ya kazi mkononi. Kwa waimbaji wa Ugogo hali ni tofauti. Neno moja linaweza kurudiwa na sauti nyingi zilizopishana, kila moja ikiingia mahali pake, hata maana ikajengwa na mpangilio wa kuingia huko. Anayeyaandika maneno peke yake atapata mistari michache inayorudiwa, na atadhani wimbo ni mwepisi.

Kuna jambo la kiufundi linalokazia hoja hii. Kubik alionyesha kwamba mfumo wa sauti wa Wagogo umejengwa juu ya mfululizo wa hamoniki, yaani sauti zinazozaliwa kiasili na sauti moja ya msingi. Hamoniki ya saba, kwa mfano, iko chini ya noti inayoikaribia katika kinanda kwa takriban theluthi moja ya nusutoni. Tofauti hiyo ni ndogo kwa kipimo, lakini sikio huisikia mara moja. Maana yake ni kwamba kinanda cha studio, kilichogawanywa katika nusutoni kumi na mbili zilizo sawa, hakiwezi kuiambata sauti ya mwimbaji wa Kigogo bila ama kurekebishwa au kuilazimisha sauti ihame. Kila albamu inayochanganya sauti hiyo na vyombo vya umeme huwa imeamua, kwa kujua au kwa kutojua, nani atamfuata nani.

3. Albamu nne

Hukwe Zawose (1938–2003) aliletwa Dar es Salaam baada ya Rais Nyerere kuvutiwa na uimbaji wake, na baadaye jina lake likafungamana na Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo. Safari hiyo ilikuwa sehemu ya mradi wa utamaduni wa taifa uliotangazwa mwaka 1962, ilipoundwa Wizara ya Utamaduni na Vijana. Mradi huo uliuondoa wimbo kijijini na kuupandisha jukwaani. Ni jambo la kukumbukwa na wote wanaodai kwamba "uharibifu" wa muziki huu ulianza na studio za Ulaya: muziki wa Zawose ulikuwa umeshahama mara moja kabla haujafika huko.

Chibite, iliyotolewa na lebo ya Real World mwaka 1996, ni albamu iliyojengwa juu ya sauti ya binadamu, ilimba na zeze. Jina lake ni la Kigogo, na tafsiri yake ya karibu ni "twende". Nguvu yake iko katika subira. Ilimba inazunguka kwa muda mrefu kabla sauti haijaingia, na inapoingia haiji kutoa habari. Inakuja kujaza nafasi iliyokwisha kuandaliwa. Waandishi wengi wa magharibi walishangazwa na upana wa sauti ya Zawose, wakauhesabu kwa oktavu. Kuhesabu huko kunaifanya sauti kuwa kioja. Linalostahili kusikilizwa ni jinsi anavyoshuka kutoka sauti nyembamba ya juu hadi mkoromo wa chini bila kubadilisha mzunguko wa ilimba, kana kwamba watu wawili wanazungumza na mmoja hamkatizi mwenzake.

Assembly (2002), aliyoitengeneza na mpiga gitaa wa Kanada Michael Brook, ndiyo albamu yenye utata zaidi kati ya hizi nne. Gitaa la Brook lina faida moja kubwa: waya unaweza kuvutwa, hivyo noti inaweza kusogea hadi pale sauti ilipo. Panapotokea hivyo, albamu inafikia kitu ambacho Chibite haikukitafuta, yaani mazungumzo ya kweli kati ya vyombo viwili visivyo ndugu. Lakini kuna sehemu ambapo mdundo wa mashine umepangwa kwanza na sauti imewekwa juu yake. Hapo sauti ya Zawose hugeuka pambo: inasikika, inapendeza, lakini ikiondolewa wimbo unaendelea kama kawaida. Hicho ni kipimo rahisi ambacho msikilizaji yeyote anaweza kukitumia.

Uhamiaji (2017) ya Msafiri Zawose, mwana wa Hukwe, ilitolewa na lebo ya Soundway. Kwa kuangalia orodha ya vyombo tu, mtu angedhani imekwenda mbali zaidi na asili, kwa kuwa umeme na mwangwi wa mtindo wa dub umetumika waziwazi. Sikio linasema vingine. Hapa ilimba haikuachwa juu kama kionjo cha Kiafrika. Imepewa kazi ya besi na mdundo, na mashine zimepangwa kuuzunguka mzunguko wake. Jina la albamu ni la Kiswahili sanifu, tena lenye harufu ya ofisi ya serikali, na uteuzi huo una kejeli yake: neno linalomhusu mwenye pasipoti linaipa jina kazi ya mtoto wa ukoo uliohama kutoka uwanda wa kati hadi pwani bila kugongewa muhuri wowote.

Maisha (2024) ya The Zawose Queens, yaani Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, inabadilisha swali lenyewe. Kwa miongo mingi wanawake wa ukoo huu walisikika nyuma ya waume na kaka zao kama waitikiaji na wachezaji. Ikumbukwe kwamba katika Ugogo wanawake hawakuwa nyuma siku zote: ngoma ya muheme ni yao, na ni wao wanaoipiga. Kwa hiyo albamu hii haiwapi wanawake nafasi ambayo mila haikuijua. Inawarudishia, mbele ya maikrofoni, mamlaka ya kuanzisha wimbo ambayo jukwaa la taifa na la kimataifa liliyafifisha. Ubora wake mkubwa uko pale sauti mbili zinapopishana na mashine zikanyamaza. Udhaifu wake uko katika baadhi ya nyimbo zinazomalizika mapema, kwa urefu uliozoeleka redioni, wakati mzunguko ndio kwanza umeanza kukolea.

4. Jina la nje na sikio la ndani

Ukilinganisha majina ya albamu hizi na yale ya bongo fleva ya miaka ya karibuni, jambo moja linajitokeza. Diamond Platnumz alitoa A Boy from Tandale (2018), Alikiba Only One King (2021), Marioo The Kid You Know (2022), na Zuchu Peace and Money (2024). Albamu hizi, ambazo wasikilizaji wake wa kwanza ni Waswahili, zina majina ya Kiingereza. Chibite, Uhamiaji na Maisha, zilizotolewa na lebo za Uingereza, zina majina ya Kigogo na Kiswahili. Kila soko linamuuzia mnunuzi kile anachokiona kuwa mbali naye: Mtanzania huuziwa dunia, Mwingereza huuziwa kijiji.

Mhakiki asiharakishe kuwalaumu wasanii wa kundi lolote kati ya haya. Anachopaswa kukiona ni kwamba jina la albamu si ushahidi wa msikilizaji wake halisi. Ndani ya Maisha, kwa mfano, "Kuseka" na "Fahari Yetu" zinakaa pamoja. Msemaji wa Kiswahili anaweza kulikaribia neno "kuseka" kwa kulilinganisha na "kucheka", kwani ni maneno ya shina moja la Kibantu. Ukaribu huo ni mlango ambao msikilizaji wa London hana. Kwa maana hiyo, msikilizaji wa Kiswahili ndiye anayeweza kusikia mengi zaidi katika albamu hizi, na ndiye ambaye taaluma yake haijamwandaa kuzisikiliza. Wimbo wa Kigogo huonekana kuwa kazi ya wanaanthropolojia. Wimbo wa Kiswahili huonekana kuwa wa fasihi. Albamu inayotumia lugha zote mbili huangukia katikati na kupotea.

5. Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba kigezo cha "nani anamsikiliza nani" kinarudisha uasili kwa mlango wa nyuma, na kwamba kinamfunga msanii wa Kigogo katika jukumu la kuhifadhi wakati msanii wa Dar es Salaam yuko huru kubadilika. Pingamizi hili ni zito, na lingekuwa la haki kama kigezo kingehesabu kiasi cha umeme. Hakifanyi hivyo. Kwa kigezo hiki Uhamiaji, yenye mashine nyingi, imepata sifa kubwa kuliko sehemu kadhaa za Assembly. Hatari kubwa zaidi ni ile ya kusema kwamba kila mchanganyiko ni mzuri kwa sababu ni mchanganyiko. Sifa ya namna hiyo haitofautishi kazi na kazi, na msanii hafaidiki nayo.

6. Hitimisho

Albamu hizi zinaidai taaluma mambo matatu. Kwanza, maneno yake yaandikwe na kufasiriwa kwa kushirikiana na wasikilizaji wa Kigogo walio Dodoma, Chamwino na Mpwapwa, ambao wana hukumu zao kuhusu uimbaji mzuri na mbaya. Pili, uhakiki wa wimbo utaje mahali sauti inapoingia, inaponyamaza na inapopishana na nyingine, kama unavyotaja vina na mizani. Tatu, mihadhara ya fasihi simulizi na ile ya muziki wa kizazi kipya iache kuzigawa kazi hizi kwa mpaka wa lugha. Waimbaji wa Nzali na Chamwino wanazeeka, na masikio yanayoweza kumwambia mtafiti kwa nini sauti fulani imeingia mapema mno yanapungua pamoja nao. Rekodi zitabaki. Bila masikio hayo, zitabaki kama barua zilizohifadhiwa vizuri katika hati ambayo hakuna anayeisoma.